Pikapu ya Mama Mkwe

Nilipopata uhamisho wa kwenda kufundisha Mtwara, walimu wenzangu wa Morogoro walinipa pole kama mtu aliyefiwa. Aliyefurahi alikuwa mume wangu peke yake, kwanza kwa sababu Mtwara ni kwao, pili kwa sababu hakuwa anahama yeye. Kazi yake iko Dar es Salaam, na kwa jinsi alivyoieleza, siku atakayoondoka pale ofisini jiji zima litasimama.

“Utakaa na mama,” akaniambia. “Na usafiri upo. Mama ana gari.”

Alilitamka hilo neno “gari” taratibu, kama mtu anayemkabidhi mkewe ndege.

Gari lenyewe nililikuta Rahaleo, mtaa wa mama mkwe pale Mtwara mjini, nyuma ya nyumba, chini ya banda la bati. Ilikuwa pikapu ya dizeli iliyonizidi umri. Rangi yake ilikuwa ya maziwa enzi zake. Sasa ilikuwa ya chai. Kioo cha pembeni kilishikiliwa na waya. Mshale wa mwendo ulikuwa umelala, na hesabu ya kilomita ilikuwa imegoma miaka mingi nyuma, ikabaki palepale kama mwanamke aliyeamua umri wake unatosha. Baba mkwe, ambaye sikumkuta, aliendesha malori ya korosho ya kupeleka bandarini maisha yake yote, na alipostaafu akanunua hiyo pikapu ili asisahau uchungu wa barabara. Alipofariki, ilibaki kwa mama mkwe.

Mama mkwe hajawahi kushika usukani. Wala hakutaka. Lakini alikuwa amekaa kiti cha abiria cha pikapu ile, na malori yaliyotangulia, kwa muda mrefu kuliko walimu wengi wanavyokaa kazini. Mawifi zangu walikuwa wameolewa mbali, na hakuna aliyekuwa na leseni. Mimi leseni nilikuwa nayo, niliipata Morogoro. Ilikuwa safi kabisa, haijachafuliwa na kuendesha.

Asubuhi yangu ya kwanza nilitoka uani nikamkuta amesimama mbele ya pikapu, mwanamke mfupi, mkavu, khanga imefungwa kiunoni, kikapu miguuni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umefungua boneti?”

Nilidhani sijasikia vizuri. Nilikuwa nimesafiri siku nzima, nimelala, nimeamka, na huyu ni mama wa mume wangu. Nilitegemea aulize habari za safari. Nikamwambia bado.

“Fungua.”

Ndani ya kikapu mlikuwa na matambara, mswaki kuukuu, bomba la grisi, kopo la oili na galoni la maji masafi. Akanieleza, kwa sauti yake ndogo asiyoipandisha kamwe, kwamba funguo ni zangu, ila kila Ijumaa, kabla yeye hajatia udhu, boneti inafunguliwa. Oili inapimwa, maji ya rejeta yanatazamwa, belti inabonyezwa kwa kidole gumba, vichwa vya betri vinasuguliwa kwa mswaki. Kwa kuwa kilomita hazihesabiki, oili inamwagwa na kuwekwa mpya kwa kufuata mwezi ulioandama, na filta vilevile. Gari lile lilishika dini kuliko sisi wote.

“Mama, siku hizi mafundi wapo,” nilisema.

“Wapo,” akakubali. “Na hospitali zipo. Ndiyo usioge?”

Miezi miwili ya kwanza nilifuata, kwa moyo wa mtu anayekaa kwa watu. Halafu mitihani ikaja. Nilikuwa na madaftari na karatasi za kusahihisha hadi kitandani, na Ijumaa moja nikapitiwa, Ijumaa ya pili nikajipitisha mwenyewe. Ya tatu mama mkwe alikuwa Madimba kwenye shamba lake, akasafisha chini ya mikorosho wiki mbili mfululizo, kwa hiyo pikapu na mimi tukapumzika kwa amani. Mwezi uliandama na oili ilibaki ileile. Aliporudi akaniuliza, nikamjibu haraka kuliko nilivyopanga.

“Nimepeleka kwa fundi, mama. Kamwaga oili, kabadilisha filta zote, kasafisha na betri.”

“Fundi yupi?”

“Yule wa hapa jirani.”

“Haya,” akasema, akaendelea kuchambua kisamvu.

Ile “haya” nilipaswa kuiogopa. Mimi nikashukuru Mungu kwamba nimepata mama mkwe mwepesi wa kuamini.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na safari ya Kilambo, upande wa mto Ruvuma, kumpelekea mdogo wake mifuko ya salfa. Kwa asiyejua, salfa ni unga wa njano unaopuliziwa mikorosho kuua ukungu, na ikifika msimu wake kila mtu huku anakohoa rangi ileile. Pikapu iliwaka kwa jaribio la nne. Mama mkwe alitazama nje ya dirisha upande wake kama vile kuna kitu cha kupendeza ukutani.

“Betri imesafishwa, ulisema.”

“Ndiyo mama. Baridi tu ya asubuhi.”

Baridi. Mtwara. Mimi mwenyewe nilikuwa najifuta jasho.

Tulifika salama. Mama mdogo alitupokea kwa vigelegele, tukashusha mifuko, na wanaume wa pale wakaanza kazi palepale, mmoja amebeba mashine mgongoni, anapuliza salfa juu ya miti. Pikapu niliiegesha kivulini katikati ya mikorosho, tena upande ambao upepo unaelekea. Sikuizima. Nilijua moyoni kwamba nikiizima, kuiwasha tena itabidi nipige magoti.

“Mbona hujazima?” mama mkwe akauliza.

“Naipumzisha kwanza, mama.”

“Inapumzika huku inakimbia?”

Nikacheka kicheko cha mkwe. Tukakaa kwenye mkeka kula ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo nimeipenda mpaka leo, na kwa karibu saa nzima pikapu ilinguruma peke yake ndani ya wingu la njano, ikivuta pumzi ndefu. Mimi nilikuwa nasifia chumvi ya ming'oko.

Wakati wa kurudi, kabla hata hatujafika mbali, nilihisi mguu unakanyaga mafuta na gari halina habari. Nyuma moshi mweusi ulikuwa umeficha barabara. Tulipofika kwenye mlima, ambao kwa Morogoro tungeuita tuta, mzee mmoja mwenye baiskeli alitupita. Hakutupita haraka. Alipata nafasi ya kutusalimu, kuuliza habari za nyumbani, na kusubiri majibu. Kisha akaendelea na safari yake, na sisi tukasimama. Injini ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Joto. Mama mkwe akakunja mikono yake juu ya mapaja.

“Huyu fundi wako,” akasema, “kumbe anafanya kazi kwa siri sana. Hata gari lenyewe halikujua.”

Niliangalia usukani. Nina shahada. Nimewahi kusimama mbele ya wanafunzi mia na hamsini nikawaeleza hatari ya kusema uongo.

“Mama, sikwenda kwa fundi.”

“Najua. Tangu Jumatano. Alikuja mwenyewe kuniuliza kama tumegombana, mbona hatumpelekei hata salamu.”

“Sasa mbona tumesafiri?”

“Filta nitanunua nyingine,” akasema. “Wewe ndiye nilikuwa na wasiwasi nawe. Nikataka nione ntu wa shule anaweza kwenda na uongo hadi wapi.” Akatazama kushoto, akatazama kulia, vichaka na mihogo pande zote. “Basi ni hapa.”

Akashuka. Akaikaza khanga kiunoni na kuniamuru nifungue boneti. Kisha akanionyesha kwa kidole, bila kugusa kitu chochote, lile bakuli jeusi la filta ya hewa. Nikafungua vibanio, nikainua kifuniko. Ile karatasi iliyokunjwakunjwa ndani, ambayo huwa nyeupe, ilikuwa kama andazi lililoviringishwa kwenye bizari. Akaichukua, akaenda nayo kwenye tairi la mbele, akaanza kuigonga taratibu, akiizungusha kidogo kila anapogonga. Mimi aliniambia nisimame upande wa pili. Ulikuwa ndio upande unaopokea upepo. Nafasi ya kusimama ilikuwepo tele kwingine, kwa hiyo nadhani hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Nilisimama. Nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka, na machozi mengine yakapata mwanya wa kutoka humohumo.

“Nani alikufundisha haya, mama?” niliuliza, nikijifuta uso.

Aliendelea kugonga. “Baba yenu alikuwa anaongea na gari kuliko anavyoongea na mimi. Safari nzima, kutoka Masasi mpaka bandarini, yeye na injini tu. Nikaona, hawa wakinisema sitajua. Nikajifunza lugha yao.”

Alisema hivyo bila uchungu, lakini aliacha kugonga kidogo, filta mkononi, akiitazama ile pikapu kama mke mwenza aliyezoeana naye.

Filta ilirudi mahali pake. Nikageuza ufunguo, nikasikia tak, basi. Betri. Vichwa vyake vilikuwa vimeota ule unga mweupe wa kijani, mnene kama ukungu wa mkate. Maji ya galoni yalikuwa yamebaki nyumbani, kwa kuwa kujaza galoni ilikuwa kazi ya Ijumaa. Mama mkwe akafungua chupa yake ya chai, chai ya tangawizi isiyo na sukari kwa sababu ana kisukari, akanipa na mswaki kutoka kikapuni.

“Mwagia. Ya moto ndiyo inatoa.”

Basi betri ikanywa chai kabla yetu. Nilisugua, nikafuta kwa tambara, nikakaza, na yeye akapaka grisi kwa kidole. Pikapu ikawaka. Tulipanda ule mlima vizuri, na mbele kidogo tukampita yule mzee wa baiskeli. Mama mkwe akaniambia nipunguze mwendo tumsalimu, tumwulize habari za nyumbani.

Kuanzia Ijumaa iliyofuata nilikuwa uani mapema kuliko kikapu. Sitasema nilipenda. Kulala chini ya gari ukitafuta vichuchu vya kuwekea grisi, huku vumbi la chesesi linakuingia puani na mkwe wako amesimama juu yako anakunywa uji, si starehe. Lakini nilianza kusikia. Nilijua belti ikilegea hulia vipi, na bushi, zile raba za springi, zikichoka hugonga vipi kwenye mashimo. Nilijifunza kufungua kile kibomba chini ya filta ya dizeli ili maji yatoke, kwa sababu dizeli ya mapipa ya vijijini huuzwa na maji yake bila nyongeza.

Fundi wa jirani tulimwendea kwa kazi kubwa tu. Alikuwa mtu mzuri, mwenye ushauri mwingi. Siku moja alitaka kutoa thamostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto wake.

“Huku kwetu hakina kazi, mama,” alimwambia mama mkwe. “Mtwara kuna joto. Wenzetu wote tumewatolea.”

“Na wewe joto unalo,” mama mkwe akamjibu. “Tukutoe nini?”

Thamostati ilibaki. Fundi naye alibaki rafiki yetu, ingawa kwa siku chache alikuwa anatusalimu kwa kichwa tu.

Mwishoni mwa mwaka mume wangu akaja likizo. Alikuwa amenenepa kidogo na alikuja na wazo. Katika simu zake zote alikuwa ananiuliza kama “nalitunza gari”, kisha ananieleza jinsi ya kulitunza, yeye ambaye mjini hupanda gari la watu. Sasa akatueleza mezani kwamba pikapu imechoka, iuzwe, tununue kagari kadogo ka kisasa kenye kiyoyozi. Mama mkwe akamwongezea mchuzi. Mimi nikamwongezea wali. Alidhani tumekubali.

Kesho yake aliichukua pikapu akaenda na rafiki zake Msimbati. Kule gari linaweza kupita juu ya mchanga ufukweni, na mwanaume akiwa na rafiki zake hawezi kuona mchanga akauacha. Alirudi alasiri, pikapu inang'aa. Alikuwa ameipitisha kuoshwa mjini, na matairi yakapakwa kitu cha kuyang'arisha. Akaizunguka, mikono kiunoni.

“Mnaona? Gari ni kulijali tu.”

Mama mkwe akamsogelea. Akainama, akapitisha kidole ndani ya tao la tairi, juu, pale ambapo hakuna aliyeosha. Akakitazama kidole. Kisha akakilamba.

“Chumvi imekolea,” akasema. “Ungepika ningekusifu.”

“Mama, wameosha yote.”

“Wameosha uso. Bahari iko chini. Usiku huu inakula chesesi ya baba yako.” Akamwonyesha mkeka. “Ingia.”

“Mimi? Si tumwite fundi?”

“Fundi huyu hapa.” Alikuwa ananionyesha mimi.

Nikiri kwamba katika ndoa yangu siku nzuri zimekuwepo, lakini chache zinaifikia ile. Mume wangu alivua shati lake la Dar es Salaam, akaingia chini ya pikapu na mpira wa maji, na mimi nikalala pembeni yake nikimwonyesha wapi pa kuelekeza. Hapa kwenye springi. Huku nyuma ya tangi. Hapo juu, usiogope, yatakurudia usoni kidogo. Yalimrudia. Baadaye nikampa bomba la grisi na tambara lenye oili chakavu ya kupaka kwenye vyuma, akaanza kupaka.

“Baba alikuwa ananilaza hapa kila wiki,” akasema ghafla, sauti ikitoka chini ya gia. “Tangu nina miaka tisa. Wenzangu wanacheza mpira, mimi nahesabu vichuchu vya grisi. Niliapa nikipata kazi, nitapata ya kiti.”

“Umeipata.”

“Nimeipata.” Akapaka kidogo. “Ninyi wawili mmeitengeneza vizuri lakini. Injini haina hata tone linalovuja.”

Sikumjibu, nilikuwa na bolti mdomoni. Tulipotoka alikuwa mweusi mpaka masikioni. Mama mkwe alimtazama kwa muda, akageuza uso, akasema anakwenda kumwekea maji ya kuoga. Aliyaweka mwenyewe, ya moto, kitu ambacho sijawahi kumwona akimfanyia mtu mzima. Habari ya kagari kadogo haikurudi mezani. Sijui kama tulimshawishi au alichoka tu. Likizo ilipoisha tulimpeleka stendi kwa pikapu, na njiani alikaa nyuma, kwenye bodi, pamoja na gunia la mihogo la kumpelekea dada yake.

Mwezi wa pili mwaka huu tulikuwa tunatoka Madimba, mimi na mama mkwe, tumebeba kuni na mihogo, askari wa barabarani akatusimamisha. Alipoiona pikapu alitabasamu, kama mvuvi aliyehisi uzi umekaza. Akaomba leseni. Akaomba niwashe taa, zikawaka zote. Akasema piga honi, ikalia. Waipa, zikafuta. Akazunguka matairi, akaomba pembetatu, akaomba mtungi wa kuzimia moto, akausoma mbele na nyuma. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

“Baba,” mama mkwe akamwita kutoka dirishani, kwa upole, “hujaangalia chini.”

Askari akainama akaangalia chini. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyeonewa.

“Mama, hili gari la mwaka gani?”

“Sikumbuki, baba. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Uliza lingine.”

Hakuwa na lingine. Akanirudishia leseni, tukaondoka.

“Oili hakupima,” mama mkwe akasema baada ya muda. “Hawa wanafundishwa nini?”

Barabara ilikuwa nyeupe mbele yetu, jua la asubuhi bado si kali. Baada ya kilomita chache nilimwona ameegemeza kichwa kwenye nguzo ya mlango, mdomo wazi kidogo, amelala. Tangu nifike Mtwara sijawahi kumwona akisinzia ndani ya pikapu, hata kwenye lami. Nikapunguza mwendo. Nikakwepa mashimo kama nimebeba mayai. Nilikuwa najisikia mkubwa, nikiwaza namna nitakavyomhadithia mume wangu kwenye simu.

Mbuzi wakakatiza, nikapiga honi kidogo. Hakuinua kichwa. Alifumbua jicho moja tu.

“Belti inalia,” akasema, akalifumba tena.

Nikatega sikio. Sikusikia kitu. Nikapandisha mwendo, nikashusha, nikazima redio. Kweli, kwa mbali sana, ilikuwa inalia. Nikaegesha pembeni, nikachukua spana chini ya kiti, nikashuka kuikaza.